Vyakula vya Asia bila gluteni wala vinavyoleta mzio: kipi ukishike, kipi ukiache

Siku moja nyumbani kwetu sosi ya soya iliondolewa mezani mara mbili, na kila mara kwa sababu yake. Mchana aliiondoa dada yangu, ambaye ana ugonjwa wa siliaki, kwa kuwa ilikuwa na ngano. Nikanunua chupa nyingine, tamari isiyo na ngano, nikadhani kazi imekwisha. Jioni nikaiondoa mimi mwenyewe, maana mwanangu ana mzio wa soya na tamari ni soya karibu tupu. Tulikula wali na mboga zilizotiwa chumvi tu. Tulishiba, ila ladha tuliyokuwa tukiitafuta haikuwepo.

Tangu hapo nimekuwa mwangalifu na mapishi yanayojitangaza kuwa "salama kwa wote". Kila mbadala una mzigo wake. Umekimbia ngano ukaangukia soya. Umekimbia soya ukakuta ufuta. Umeacha karanga ukashika korosho. Hivyo sitakuambia kipi ni bora kwa kila mtu. Nitaviweka vitu ubavu kwa ubavu, kisha wewe uangalie nani anakaa kwenye meza yako.

Kwanza, anakula nani?

Siliaki si mzio. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikichokozwa na gluteni, yaani protini ya ngano, shayiri au rai, huushambulia utumbo mdogo wa mtu mwenyewe. Madhara hujijenga taratibu, na mgonjwa anaweza kula kisichomfaa leo asihisi kitu. Mzio wa ngano, karanga au kamba huja kwa kasi: dakika chache tu na midomo imevimba, ngozi inawasha, na kwa wengine pumzi inabana mpaka ihitajike sindano ya adrenalini papo hapo. Mwenye mzio wa ngano pekee huenda daktari akamruhusu shayiri. Mwenye siliaki hana ruhusa hiyo.

Tofauti hii inagusa hata usomaji wa lebo. Kwa gluteni kuna kiwango kinachotumiwa na nchi nyingi: chakula kinachoitwa "bila gluteni" kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kwa mzio hutapata namba moja ya namna hiyo, na hata orodha za vyakula vinavyopaswa kutajwa hazifanani. Umoja wa Ulaya una makundi 14, yakiwemo haradali, selari na konokono na chaza wa baharini. Marekani ina 9, na ufuta uliingia rasmi Januari 2023. Japani inalazimisha kutajwa kwa bakwiti (mbegu zinazosagwa unga wa tambi), ambayo Ulaya na Marekani haimo kwenye orodha, lakini soya na ufuta huko mtengenezaji anahimizwa tu kuvitaja. Kwa hiyo chupa iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani inaweza kunyamaza kuhusu ufuta bila kuvunja sheria yoyote. Kama unanunua bidhaa za kutoka pande hizo, soma orodha nzima ya viambato. Usitosheke na herufi nene za tahadhari ya mzio.

Kuiga au kuchagua upya

Kuna njia mbili za kuingia kwenye upishi huu. Ya kwanza ni kuchukua chakula unachokipenda, tuseme ramen, tambi za ngano za Kijapani ndani ya supu, kisha kuondoa kila kisichofaa na kuweka mbadala wake. Ya pili ni kuachana na ramen na kupika pho, supu ya Vietnam, ambayo tambi zake ni za mchele tangu ilipozaliwa.

Nimejaribu zote mbili kwa miaka kadhaa, na nina upande. Njia ya kuiga ni ghali, ina chupa nyingi, na mara nyingi inaishia kwenye kitu kinachokukumbusha ulichokikosa. Tambi za ramen zinapata mvutano wake kutokana na gluteni yenyewe ikikutana na maji ya magadi. Ukiitoa gluteni umetoa uti wa mgongo. Njia ya pili inakupa chakula kamili. Anayekula pho hajihisi mgonjwa.

Hata hivyo kuna siku ambapo mtoto anataka kitu kilekile walichokula wenzake, na siku hiyo kuiga kuna thamani yake. Nami huiga. Ila kama ndiyo kwanza unaanza, usianzie huko.

Sosi: hapa ndipo pa kukaa

Ukitatua suala la sosi, umetatua zaidi ya nusu ya safari. Nimeweka jedwali kwanza, maelezo yanafuata.

| Sosi | Ngano | Soya | Kingine cha kuangalia | Ladha |
|---|---|---|---|---|
| Sosi ya soya ya kawaida | Ipo | Ipo | – | Chumvi kali, harufu ya kuchachuka |
| Tamari | Mara nyingi haipo. Hakikisha | Ipo | – | Nzito, ya mviringo zaidi |
| Sosi ya utomvu wa mnazi | Haipo | Haipo | Nazi | Tamu, chumvi kidogo |
| Sosi ya samaki | Kwa kawaida haipo. Soma | Haipo | Samaki | Chumvi kali, kina kirefu |
| Mchuzi wa uyoga wa nyumbani | Haipo | Haipo | Mwani, kama umeutumia | Utamu wa nyama bila nyama |

Sosi ya soya ya kawaida ya Kijapani hutengenezwa kwa soya na ngano kwa viwango vinavyokaribiana, kisha huachwa ichachuke kwa miezi. Wapo wanaosema kwamba kuchachuka huko kunaivunja gluteni yote, kwa hiyo mwenye siliaki asiogope. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni hii: vipimo vya kawaida hukadiria gluteni vizuri ikiwa bado nzima. Ikishakatwakatwa, kipimo hakiwezi kusema kwa uhakika vipande vilivyobaki ni vingi kiasi gani. Ndiyo maana kanuni ya Marekani ya mwaka 2020 kuhusu vyakula vilivyochachushwa inamtaka mtengenezaji anayeandika "bila gluteni" athibitishe kuwa malighafi hazikuwa na gluteni kabla ya kuchachushwa. Kipimo kusoma namba ndogo baadaye hakumalizi hoja.

Tamari kwa asili ilikuwa majimaji yaliyojitenga miso, yaani rojo la soya lililochachushwa, ikiiva. Siku hizi hutengenezwa yenyewe, kwa soya na chumvi, na zipo zinazotiwa ngano kidogo. Usinunue kwa jina tu. Ukiipata yenye alama ya bila gluteni, tumia kiasi kilekile ambacho ungetumia cha sosi ya kawaida. Kwa mtu mwenye siliaki asiye na tatizo na soya, ushauri wangu ni mfupi: chukua tamari, acha kutafuta.

Sosi ya utomvu wa mnazi hutokana na utomvu wa maua ya mnazi uliochachushwa na kutiwa chumvi. Ndiyo chupa ya kwanza inayopendekezwa kwa wenye mzio wa soya, na inastahili, lakini tabia yake ni nyingine. Chumvi yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya soya, kwa hiyo ongeza chumvi ya kawaida. Sukari yake ni nyingi zaidi, kwa hiyo punguza sukari iliyotajwa kwenye mapishi. Na kwa sababu ya sukari hiyo huungua upesi kwenye karai la moto: imimine mwishoni, sekunde 30 kabla ya kuepua. Kuhusu nazi yenyewe, Marekani iliiweka kwa muda mrefu kwenye kundi moja na lozi na korosho, ikaiondoa Januari 2025. Mzio wa nazi upo ingawa si wa kawaida, na mwenye mzio wa korosho au lozi hana sababu ya kuikwepa nazi mpaka daktari wake aseme.

Sasa ninayoipenda kuliko zote, ingawa inataka subira: mchuzi wa uyoga. Mwaka 1908 mkemia wa Kijapani Kikunae Ikeda aligundua kwamba ladha ile nzito ya mchuzi wa mwani wa kombu inatokana na glutameti, akaiita umami. Baadaye ikajulikana kwamba uyoga mkavu wa shiitake una kitu kingine kinachoizidisha ladha hiyo kikikutana na glutameti. Ukiviunganisha viwili hivi, huhitaji soya kupata kina. Mimi hufanya hivi: gramu 20 za shiitake kavu na kipande cha kombu cha sentimita 8 ndani ya nusu lita ya maji baridi, usiku kucha. Asubuhi naweka motoni polepole, naitoa kombu kabla maji hayajachemka ili mchuzi usiwe na utelezi, kisha naacha uyoga uchemke mpaka yabaki maji ya robo tatu ya kikombe hivi. Nachuja, natia vijiko vidogo viwili vya chumvi, kijiko kidogo cha siki ya mchele, na sukari kidogo iliyounguzwa kwenye sufuria mpaka ikawa nyeusi kiasi cha kahawa. Inakaa wiki moja kwenye friji. Rangi inakuja, harufu inakuja, na hakuna mtu wa kumwonea huruma mezani.

Tahadhari mbili. Kombu ina madini ya joto mengi mno, kwa hiyo mwenye matatizo ya tezi ya shingo aiache, na wengine wasiitumie kila siku. Pia mwani huvunwa baharini na unaweza kuwa na mabaki ya uduvi au kaa wadogo; kama mzio wa kamba ni mkali, tumia uyoga peke yake na uongeze gramu 10.

Sosi ya samaki, yaani dagaa na chumvi vilivyokaa muda mrefu, ni nzuri kwa asiyeweza soya wala ngano lakini anakula samaki. Soma chupa: baadhi huongezwa protini ya ngano. Na usichanganye samaki na kamba. Protini inayosumbua kwenye samaki si ile inayosumbua kwenye kamba na kaa, na watu wengi wana mzio wa upande mmoja tu.

Zilizobaki nazipitia haraka, kwa sababu nyingi hazifai kununuliwa bila kusoma kila neno. Hoisin, sosi nzito na tamu ya Kichina: soya, kwa kawaida ngano, mara nyingi ufuta. Sosi ya chaza: chaza wenyewe, na mara nyingi sosi ya soya yenye ngano ndani yake. Siki nyeusi ya Zhenjiang: hutumia pumba za ngano. Mvinyo wa mchele wa Shaoxing: chachu yake hutengenezwa kwa ngano. Siki nyeupe ya mchele, isiyotiwa kitu, ndiyo unayoweza kuitegemea.

Tambi

Usidanganywe na rangi wala jina. Soba husemwa kuwa tambi za bakwiti, na bakwiti si ngano. Lakini soba nyingi huchanganywa na unga wa ngano ili zishikane. Aina iitwayo hachiwari ni sehemu 8 za bakwiti na 2 za ngano. Inayomfaa mwenye siliaki ni juwari, bakwiti tupu, nayo hukatika kirahisi na haistahimili kurushwarushwa kwenye karai. Isitoshe, bakwiti yenyewe huleta mzio mkali kwa baadhi ya watu. Udon, somen na ramen ni ngano. Tambi za mayai ni ngano na yai kwa pamoja.

Ukitaka usalama mpana, chaguo la kweli ni kati ya mchele, choroko na viazi vitamu. Tambi za mchele ndizo rafiki wa kila siku, ila watu wengi huziharibu kwa kuzichemsha. Zile bapa za kukaanga ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 20 hadi 30 mpaka zikunjike bila kuvunjika, halafu zimalizie kuiva kwenye karai na mchuzi. Tambi za wanga wa choroko, zile zinazong'aa kama kioo zikiiva, hunywa mchuzi vizuri sana na zinafaa kwenye supu na saladi. Tambi za wanga wa viazi vitamu za Kikorea zina mvutano mkubwa kuliko zote, na kwa anayeililia ramen, hizi ndizo zitakazomfariji. Zichemshe dakika 6 au 7, zisuuze kwa maji baridi, zipake mafuta kidogo.

Za konjaki, zinazotokana na kiazi cha Asia, hazina karibu nishati yoyote. Sizinunui.

Neno moja kuhusu mchele unaonata, kwa sababu swali hili huulizwa kila mara. Kunata kwake kunatokana na aina ya wanga wake. Hauna gluteni, na mwenye siliaki aule bila wasiwasi.

Jiko gani la Asia lianze?

Asia ni kubwa, na kusema "chakula cha Asia" ni kama kufunga milango kumi kwa ufunguo mmoja. Kwa anayekwepa ngano na vinavyoleta mzio, majiko haya yametengana mbali.

Ningeanza na Vietnam. Mchele umeshika nafasi ya ngano karibu kila mahali: tambi, karatasi za mchele za kuviringishia mboga, chapati nyembamba za unga wa mchele na manjano. Ladha inatoka kwenye majani mabichi, ndimu, pilipili na sosi ya samaki, na vingi kati ya hivyo huletwa mezani kando, kila mtu akajiwekea. Huo ndio uzuri mkubwa kwa familia yenye mahitaji tofauti. Hatari ni chache na zinaonekana: karanga zilizopondwa juu ya chakula, hoisin ya kuchovyea, na vidonge vya supu vyenye ngano. Mwenye mzio wa samaki ndiye atakayehitaji mchuzi wa uyoga.

Thailand inafuata, ila kwa masharti. Kari za tui la nazi hazina unga wala maziwa, na hilo ni zawadi kwa wengi. Lakini viungo vilivyosagwa vinavyouzwa kwenye vikopo mara nyingi vina uduvi uliochachushwa, hata kama picha nje ni ya mboga tupu. Saga mwenyewe: mchaichai, kitunguu saumu, vitunguu vidogo, pilipili, mizizi ya giligilani, maganda ya ndimu, chumvi. Dakika 15 za kinu, na unajua kila kilichomo. Pad thai ninaitaja kama onyo. Haina ngano kwa asili, na watu humpa mwenye siliaki kwa moyo mweupe, lakini sahani moja ina yai, karanga, kamba na samaki, na mara nyingi tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) juu yake.

Kusini mwa India kuna dosa (chapati nyembamba) na idli (vikate vya mvuke), zinazotokana na mchele na dengu ndogo nyeusi za urad zilizolowekwa, zikasagwa na kuachwa zichachuke. Kama hakuna mzio wa jamii ya kunde mezani kwako, hili ni jiko la dhahabu. Ila kuna mtego mmoja unaowanasa hata wapishi wazoefu: mvuje, kiungo cha utomvu chenye harufu kali. Mvuje wa unga unaouzwa kwa kupikia kwa kawaida huchanganywa na unga wa ngano. Kijiko robo tu kinatosha kuharibu sufuria nzima kwa mwenye siliaki. Tafuta uliochanganywa na unga wa mchele, au uache kabisa. Haradali ya kuungia mafuta ni mzio kwa wengine, na korosho hujificha kwenye mchuzi mzito.

Japani ni ngumu kuliko inavyoonekana. Wali, samaki, mboga: unadhani umefika. Kisha unakuta sosi ya soya kwenye karibu kila mchuzi, shayiri kwenye aina moja ya miso, unga wa ngano kwenye vipande vya kari, na wanga wa ngano na ute wa yai kwenye zile "nyama za kaa" zinazotengenezwa kwa samaki. Kinachookoa ni vyakula vya chumvi tupu: samaki aliyepakwa chumvi na kuchomwa, wali mweupe, mboga zilizotiwa siki.

Korea inategemea mzio ulio nao. Kwa siliaki, tatizo kubwa ni mchanganyiko wa pilipili wa gochujang, ambao mara nyingi una ngano au shayiri. Kwa mzio wa ufuta, ningekuambia uliache jiko hili hadi uzoee mengine, kwa kuwa mafuta ya ufuta yamo kila upande.

China ni nchi nyingi ndani ya moja. Kaskazini ngano imetawala, kusini mchele. Samaki aliyepikwa kwa mvuke na tangawizi, kisha kumwagiwa mafuta ya moto yenye majani ya vitunguu, anahitaji tone tu la sosi, na tone hilo linabadilika bila kuharibu kitu. Na uji wa mchele, kikombe 1 cha mchele kwa vikombe 9 au 10 vya maji, moto mdogo kwa saa moja na nusu, ndicho chakula kisicho na mtego kuliko vyote nilivyovitaja katika makala haya. Kila mtu anaweza kukaa nao.

Wanga wa kuzitisha mchuzi na wa kukaangia

Unga wa ngano ukiondoka, kuna wanga wa mahindi, wa viazi, wa muhogo, na unga wa mchele. Kuzitisha mchuzi wa kila siku, wanga wa mahindi unatosha: kijiko kikubwa kimoja kilichokorogwa kwenye maji baridi huzitisha kikombe kimoja cha mchuzi, mradi uchemke kabisa. Wa viazi unazitisha mapema zaidi na kung'aa zaidi, lakini ukiuchemsha muda mrefu unalegea, utie mwisho. Wa muhogo unavutika kidogo, na ndio pekee ninaoutumia kwa mchuzi wa kuweka kwenye jokofu la barafu, kwa sababu ule wa mahindi ukigandishwa na kuyeyushwa huachia maji.

Kwenye kukaanga mpangilio unageuka. Kuku wa vipande waliopakwa wanga wa viazi, wakakaangwa mara mbili, wanapasuka mdomoni kuliko wa unga wa ngano, nami nasema hivyo bila kumbembeleza mtu. Kwa tempura (vipande vilivyochovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa, kwa mtindo wa Kijapani) bila yai, gramu 100 za unga wa mchele, gramu 25 za wanga wa mahindi, na maji baridi yenye gesi mpaka iwe nyepesi kama maziwa mazito. Koroga kidogo tu, kaanga mara moja kwenye mafuta ya nyuzi 175 hivi.

Karanga, ufuta, soya na yai

Mchuzi wa satay, ule wa karanga unaoliwa na mishikaki, lakini bila karanga, unaweza kutengenezwa kwa siagi ya mbegu za alizeti au kwa mbegu za maboga zilizokaangwa na kusagwa. Ya alizeti inakaribia zaidi kwa ulaini. Ya maboga ina harufu nzuri zaidi na rangi ya kijani ambayo watoto huikataa mwanzoni. Mimi huchukua alizeti, naongeza ukwaju na tui. Angalia tu kwamba mbegu hizo hazikufungwa kwenye mashine za karanga. Usikimbilie korosho au lozi bila kupimwa, maana wengi wenye mzio wa karanga wana mzio wa hizo pia. Na unga wa lupini, mmea wa jamii ya kunde, unaotumiwa kwenye baadhi ya vyakula vya "bila gluteni", huweza kuamsha mzio wa karanga.

Mafuta ya ufuta hutiwa mwishoni kwa ajili ya harufu. Pasha mafuta yasiyo na ladha kwenye moto mdogo pamoja na tangawizi na majani ya vitunguu mpaka majani yawe ya kahawia, chuja. Hayataleta harufu ya ufuta, yataleta yake, na chakula hakitalalamika.

Kwa tofu, jibu linatoka Myanmar. Watu wa Shan wana tofu isiyo na soya kabisa, ya unga wa dengu. Kikombe 1 cha unga, manjano kidogo na chumvi, koroga na kikombe 1 cha maji baridi. Chemsha kikombe 1 na nusu cha maji, mimina mchanganyiko huku ukikoroga bila kupumzika kwa dakika 6 hadi 8 mpaka iwe nzito kama uji wa kukatika. Mwaga kwenye bakuli lililopakwa mafuta, iache saa mbili. Inakatika vipande, inakaangika, na ukiivuruga kwenye wali wa kukaanga inachukua nafasi ya yai kwa rangi na ulaini. Mambo matatu kwa mpigo: hakuna soya, hakuna yai, hakuna ngano. Hakikisha unga wa dengu haukusagwa kwenye kinu cha ngano, na kama kuna mzio wa jamii ya kunde, muulize daktari kwanza.

Seti moja ya vyombo au mbili?

Kama nyumba nzima inaweza kuacha ngano, seti moja. Kama haiwezi, nunua mbili za vitu vitatu kwanza: mwiko wa mti, kibao cha kukatia, na chujio la tambi. Hivi vina nyufa na matundu yasiyosafishika. Karai la chuma lenye tabaka la mafuta ya zamani nalo ni la kutengwa, kwa kuwa uzuri wake wote ni kutokusuguliwa. Sufuria ya chuma kisichoshika kutu inasafishika vizuri kwa sabuni. Mafuta yaliyokaangia unga wa ngano yana ngano. Moto hauiui gluteni, wala usiutegemee kuziua protini za mzio. Na mikono ioshwe kwa sabuni na maji, kwani jeli ya kusafishia mikono haiondoi protini ya karanga.

Siku hizi wageni wakija naweka katikati ya meza bakuli kubwa la tambi nyembamba za mchele, sahani za matango, karoti, majani ya giligilani na mnanaa, tofu ya dengu iliyokaangwa, na samaki wa kuchomwa kwenye sinia lake mbali kidogo. Sosi ni tatu: tamari upande wa dada yangu, mchuzi wa uyoga upande wa mwanangu, na ya samaki mwishoni mwa meza. Kila bakuli lina kijiko chake chenye uzi wa rangi yake, na mwanangu ndiye anayewaeleza wageni uzi upi haugusi bakuli lipi kabla mtu hajainua mkono.